Kuifuata Sehemu ya Nne ya Dola ya Zohali

Mmeniuliza sana, na kila aliyeniuliza nimempa kipande kulingana na chakula alichokuwa nacho. Sasa vipande vimeanza kugongana. Mmoja wenu anasema nilifika Dar, mwingine anaapa niliishia Tabora nikauza viatu. Naandika yote mara moja, msome kwa zamu, mniache nilale. Habari za tiketi sitaziandika, hazikunifundisha kitu.

Bariadi

Kwa wale mnaosoma mkiwa mbali, lazima mjue kwanza habari ya kibanda. Tangu biashara binafsi iruhusiwe, ilikuja mitumba, wakaja wanunuzi binafsi wa pamba kila mmoja na mzani wake, na mwishowe ikaja deki ya kuchezea kanda za video. Mwenye kibanda aliweka jenereta nyuma, televisheni mbele, mabenchi katikati, na pembeni ya televisheni akamweka Masalu.

Masalu ni rafiki yangu, mtu wa Sapiwi. Mguu wake mmoja ulikauka utotoni, kwa hiyo jembe halimfai na ng'ombe hawamsubiri. Kazi yake ni kututafsiria. Picha inasema Kizungu, Masalu anasema Kiswahili, na mambo yakiwa mazito anahamia Kisukuma. Ni kwa mdomo wake tulipata sehemu tatu za Dola ya Zohali. Hata hilo jina alilitoa yeye, maana juu ya kanda kulikuwa na maandishi ya Kizungu tu.

Kisa tulikielewa vizuri. Macho Matatu, jitu lenye jicho la ziada kwenye paji la uso, aliiba ng'ombe wa Kamanda. Ng'ombe wa kule hawana pembe wala miguu, wanawaka rangi ya buluu na wanakaa ndani ya vizimba vya kioo. Sehemu ya kwanza waliibwa. Ya pili Kamanda akafuata nyayo, nyota hadi nyota. Ya tatu Macho Matatu akakamatwa, akafungwa minyororo, na Kamanda akasimama mbele ya mlango mkubwa wa chuma. Mlango ukaanza kufunguka. Kanda ikaisha.

Mji haukulala tena. Vijana wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, walitaka sehemu ya nne Macho Matatu alipuliwe, yeye na nyota yake. Wafugaji wa Nkololo, ambao huja siku ya mnada na kubaki kuangalia picha, walikataa. Mwizi ukimlipua, walisema, ng'ombe utawadai kwa nani? Akalishwe kiapo, atozwe, kisha atengwe, asigawiwe hata moto. Mama Holo anayeuza vitumbua mlangoni alikuwa na lake: wafungue vizimba, Kamanda aite kwa majina, ng'ombe wenyewe watasema wa nani. Huyu mama katika sehemu ya kwanza alilia machozi kabisa yule ndama mdogo alipotenganishwa na mama yake.

Ndipo akaja Mwalimu Mlay, mtu wa Kilimanjaro, amehamishiwa sekondari yetu. Siku moja aliingia kibandani, akaketi dakika ishirini, akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu bwana anawadanganya. Hakuna neno hata moja la ng'ombe humo ndani."

Masalu akanyamaza. Tulimwona akinyamaza, na hilo ndilo lililotuuma.

Wengine walitaka Mwalimu atolewe nje, wengine wakaanza kukumbuka mambo ambayo hata wao yaliwatia shaka. Mwishowe tukakubaliana yafanyike kama ngoma za kiangazi, pale makundi mawili yanapocheza kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, watu wakahama huku na huku, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Itafutwe sehemu ya nne. Mwalimu akae kulia kwa televisheni, Masalu kushoto, watafsiri wote wawili. Masalu akishindwa, ataacha kibanda arudi Sapiwi kwa dada yake, kufukuza kuku kwenye mtama uliotandazwa. Hayo aliyasema mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

Nilijitolea kwenda kuileta. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu barabara ilipita karibu mno na dirisha, na tangu hapo sijawahi kukataa safari. Mama Holo akanipa mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akasema, "Mwanangu, huko mjini ukimwona anayetengeneza hizo picha, mwambie habari ya yule ndama."

"Nitamwambia, mayu."

Bariadi hadi Shinyanga

Nilipanda juu ya lori la pamba. Ni kitanda kizuri kuliko vyote nilivyolalia, ila kinawasha. Tulipofika Maswa, pale Binza, lori likatoa mlio kama mtu anayekataa kuamka, likasimama mbele ya duka la sabuni. Dereva, Bwana Seif, alishuka, akafungua boneti, akaifunga, akaketi kivulini. Alisema kipo kifaa kinachotakiwa, na kipo Mwanza.

Tulikaa siku mbili. Mimi kukaa bila kuuliza siwezi. Siku ya kwanza nilijua sabuni inavyokatwa isivunjike. Ya pili nilimsimulia Bwana Seif sehemu zote tatu, nikamuuliza angependa ya nne iweje.

Akachokonoa meno.

"Hiyo meli yao," akasema, "sehemu zote tatu, imewahi kupata pancha?"

"Hapana."

"Imeishiwa mafuta?"

"Hapana."

"Basi huo ni uongo. Mimi sehemu ya nne nataka iharibike. Wakae mahali kama hapa, wanunue chai, wagombane. Kamanda aingie uvunguni apakwe grisi. Hapo nitajua ni kamanda."

Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza huku akijidai anapanga viberiti, akasema yeye angetaka Kamanda awe anaaga nyumbani kwake. Mtu hawezi kwenda nyota tatu bila kusema anarudi lini. Wakabishana hadi jioni. Asubuhi kifaa kikaja, na Bwana Seif akakitazama akasema si chenyewe, akakifunga hivyo hivyo, tukaondoka.

Garimoshi

Shinyanga nilipata daraja la tatu, mbavu zangu zikiwa baina ya mama mnene wa Kigoma aitwaye Mama Semeni na bwana mmoja mwembamba wa suti. Treni ilikwenda vizuri hadi mbele ya Tabora, ikasimama porini. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu walishuka wakawasha moto, mmoja akanyolewa.

Njaa iliponishika nikafungua mfuko wangu nikaanza kutafuna michembe. Yule bwana wa suti akatazama, akasogea, akashusha sauti.

"Samahani, mzee. Unatoka Usukumani?"

"Natoka Bariadi."

"Nilijua tu. Hizo dawa ni za nini?"

"Si dawa. Ni viazi."

Akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuelewa. "Sawa. Viazi. Vinasaidia ugomvi wa kazini?"

Nikamwambia vinasaidia njaa. Akaniomba kipande kimoja, akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Baada ya nusu saa walikuja wawili kutoka behewa la pili. Mmoja mkewe alikuwa hamsemeshi, mwingine mbuzi wake walikuwa wakizaa madume tu. Niliwaapia kwamba ni viazi. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuniamini, wakasema mganga wa kweli hajitangazi. Nikaona dawa ya jambo hili ni kula michembe yote mbele yao. Nikala. Wakanitazama hadi kipande cha mwisho, kisha mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ameimeza yote. Huyu si wa kuchezea." Kuanzia hapo nilipewa nafasi ya kunyoosha miguu.

Mama Semeni peke yake hakushtuka, kwa sababu alikuwa amevila viazi hivyo kwa shemeji yake Kahama. Ndiye niliyemsimulia Dola ya Zohali treni ilipoanza kutembea tena. Alisikiliza hadi Saranda bila kunikata, tukanunua kuku wa kuchoma dirishani, akavunja paja, ndipo akauliza swali lake la kwanza.

"Nani anapika huko?"

"Wapi?"

"Kwenye hiyo meli. Wanaume kumi na wanne umewataja. Sehemu tatu. Wamekula lini?"

Nilijaribu kukumbuka picha yote, sikuona hata sufuria.

"Basi ndiyo maana wanagombana," akasema. "Sehemu ya nne waende na mtu wa kupika. Huyo wa macho matatu naye apewe sahani. Mtu mwenye njaa hawezi kusema ng'ombe kawaficha wapi."

Nikamwahidi kulifikisha. Tulipoachana Dar alinishika mkono akanikumbusha, kana kwamba ananituma kwa mtu tunayemjua sote.

Kariakoo

Nilidhani nitaingia duka la kanda niseme jina, nipewe. Nikaingia la kwanza nikaomba Dola ya Zohali sehemu ya nne. Hawaijui. La pili hawaijui. La tano nikakumbuka kwamba jina lile aliyelitoa ni Masalu, na nje ya Bariadi hakuna kiumbe aliyewahi kulisikia.

Ikabidi nieleze. Watu wakasimama. Nikaeleza jitu lenye macho matatu, wakanionyesha picha saba zenye majitu. Nikaeleza ng'ombe wanaowaka, wakacheka wakamwita na jirani aje asikie. Mwisho nikaweka mfuko chini nikatembea vile anavyotembea Kamanda, bega moja mbele, kama mtu mwenye jipu kwapani.

"Ah," akasema kijana mmoja nyuma ya kaunta. "Hiyo naijua. Msukuma, ungetembea tangu mwanzo tusingepoteza muda."

Huyo ni Shomari, Mzaramo, mtani wangu wa kikabila, kwa hiyo alinitukana kwa raha yake siku zote nilizokaa naye. Alikuwa mhudumu katika hoteli ya watalii kabla hajafungua duka la kurekodi kanda, na Kizungu chake kilikuwa cha kubishana nao, si cha darasani. Sehemu ya nne alikuwa nayo, ila ilikuwa imeazimwa Temeke. Nilingoja siku tatu nikilala juu ya benchi lake. Alinilisha pweza. Sikuwa nimewahi kuona chakula chenye vifungo.

Nikingoja, vijana wa pale waliniambia wanachotaka wao katika sehemu ya nne. Wengi walitaka Kamanda abadilishe nguo. Mmoja alitaka meli itue Tanzania, tuone itapita wapi.

"Itue kwenu Bariadi," akasema Shomari. "Mtaifunga kamba mseme fahali."

Kisha nikawaeleza habari ya wizi wa ng'ombe, na Shomari akaweka chini kanda aliyokuwa akiifuta.

"Ng'ombe gani, bwana? Zile ni betri."

"Betri?"

"Betri za kuendeshea meli. Zinatoka kwenye nyota ya huyo mwenye macho matatu. Kamanda na wenzake ndio waliozichukua kwanza. Huyo wa macho matatu alikuja kudai zake."

Niliketi. Nikafikiria wafugaji wa Nkololo waliokesha wakimpangia Macho Matatu adhabu. Nikamfikiria Mama Holo.

"Na yule mdogo?" nikauliza. "Aliyetenganishwa na mama yake?"

"Betri ndogo," akasema Shomari, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Kanda iliporudi tukaiangalia pamoja, akinitafsiria neno kwa neno. Sitawaeleza yote, wengi wenu mmeiona. Lakini mnapaswa kujua kwamba niliondoka Dar nikiwa najua kila kinachosemwa ndani yake. Nilijua kwamba Mwalimu Mlay alikuwa mkweli, na kwamba rafiki yangu alikuwa ametulisha uongo kwa sehemu tatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba mfukoni nakala aliyonirekodia Shomari, kanda ya kumwaibisha.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na la kusimulia, isipokuwa kwamba sikumsimulia mtu yeyote picha. Bibi mmoja mbele ya Dodoma aliniuliza kama naumwa.

Nilifika Bariadi asubuhi, sikwenda kibandani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Masalu. Nilimkuta ameketi nje anapiga fimbo yake msasa.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Umekonda."

"Masalu, nimeisikia yote. Ninajua wanasema nini tangu mwanzo hadi mwisho. Nitakueleza sasa hivi, na Jumapili utamshinda Mwalimu kwa maneno yake mwenyewe."

Akaendelea na msasa wake.

"Usiniambie," akasema.

"Atakuumbua."

"Sikiliza, Jilala. Mimi nilipokuwa mdogo wenzangu walichunga. Mimi niliachwa mnadani nikae chini ya uzio, siku nzima, na wafanyabiashara walikuwa mbali sisikii neno. Nikajifunza kuangalia. Huyu anasema bei ya mwisho na si ya mwisho. Huyu ng'ombe si wake. Huyu amefiwa, anauza kwa shida. Jioni namwuliza baba, ananiambia ndivyo. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kibandani. Kizungu sikijui, hata salamu. Ukinipa maneno, nitaangalia maneno, nitaacha kuangalia watu."

"Na zile buluu uliona nini kikakuambia ni ng'ombe?"

Akaona haya kidogo. "Niliona jinsi wanavyozitazama. Hapa kwetu hakuna kingine watu wanachokitazama hivyo."

Nilitaka kumwambia betri. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Kibandani

Jumapili, baada ya ibada, watu walijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Mwalimu alikaa kulia, amevaa tai. Masalu kushoto. Mabenchi yakagawanywa katikati kwa kamba.

Mwanzo upande wa Masalu ulifurika. Mlango wa chuma ulifunguka, Kamanda akaingia, Masalu akaanza. Lakini Mwalimu naye alikuwa amejiandaa. Alisimamisha picha dakika kumi tu baada ya kuanza, akaeleza kwa utaratibu, kama alivyoeleza Shomari, kwamba Kamanda na wenzake ndio waliochukua kwanza.

"Unamtukana Kamanda," kijana mmoja wa jineri akasema.

"Sisemi mimi. Anasema mwenyewe, pale."

Mzee mmoja wa Nkololo akainuka. Akasema kesi aliyoisikia sehemu tatu ilikuwa na upande mmoja tu, na kesi ya upande mmoja humkosesha usingizi. Akavuka kamba akaenda kuketi kwa Mwalimu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja na fimbo zao. Kisha wenye maduka. Kisha, kwa aibu, nusu ya vijana. Mimi nilibaki kushoto, lakini nilijua ukweli, kwa hiyo sikuweza kumtazama Masalu usoni. Kwetu tulibaki watu kama kumi na watano, na Mama Holo.

"Betri," nilisikia mtu upande wa pili akisema. "Ndama wa betri." Wakacheka. Mama Holo akavuta kanga yake, hakuhama.

Masalu aliendelea kutafsiri. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa akikosea sana sasa, na kila alipokosea Mwalimu alisahihisha bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Halafu ikafika pale Macho Matatu anapolala sakafuni, amejeruhiwa, na Kamanda amepiga magoti karibu naye. Macho Matatu akaanza kusema. Anasema kwa muda mrefu, mnakumbuka, na taratibu. Mwalimu akafungua mdomo.

"Anasema..." akasema. "Anasema kwamba yeye..."

Akakoma. Tulidhani hakusikia. Lakini alikuwa akiitazama televisheni na tai yake ameishika mkononi. Mtu huyu alikuwa Bariadi tangu mwaka ule uliopita na nyumbani kwao ni siku mbili za basi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumuuliza kwao kuna nani.

Jenereta peke yake likaendelea kunguruma. Masalu akainama mbele, akauangalia ule uso wenye macho matatu, na akasema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, polepole kama alivyokuwa akisema yule anayekufa:

"Anasema, msinizike huku. Anasema, hata kama mmenichukulia kila kitu, nirudisheni nyumbani. Mama yangu yupo. Asije akasikia kwa watu wa njiani."

Nikamtazama Masalu usoni, kwa sababu ndivyo Macho Matatu alivyosema, karibu neno kwa neno, na mimi peke yangu upande ule nilikuwa nimeyasikia kutoka kwa Shomari.

Wote wakamgeukia Mwalimu. Yeye alipangusa miwani yake, akaivaa, akaipangusa tena.

"Ndivyo alivyosema," akasema Mwalimu. "Hivyo hivyo."

Yule mzee wa Nkololo akachukua fimbo yake. Akarudi kushoto. Wengine walianza kuvuka, hadi kamba ikakanyagwa ikalala chini na hakuna aliyejua tena upande upi ni upi. Mwalimu akaachwa na kiti chake na mabenchi mawili matupu. Kisha Mama Holo akaenda akampelekea kitumbua kwenye karatasi, akakaa karibu naye.

Macho Matatu alikuwa bado anasema, kwa sauti ya chini zaidi. Masalu akanyoosha mgongo. Sauti yake ilikuwa imerudi yote.

"Anasema pia," akasema, "kwamba siku ya kuanua tanga yachinjwe madume mawili ya ng'ombe, na moja liwe jeupe."

Watu wakamtazama Mwalimu.

Mwalimu Mlay alimeza kitumbua, akafikiri.

"Hapo sikusikia vizuri," akasema. "Lakini inawezekana."